Kadi ya Picha ya Kipofu

Kampuni ilimnunulia kipofu kadi ya picha. Sijakosea kuandika. Mtu asiyeuona hata mkono wake mwenyewe akiupunga mbele ya pua, walimfungulia mashine yake ya kazi wakampachikia kadi ya kuonyesha rangi. Na wapo watu wenye macho mawili mazima, nawajua mmoja mmoja, waliopiga makofi na kuyaita hayo maendeleo.

Kipofu mwenyewe tulimwita Sikio. Alikuwa opereta wa simu katika kampuni yetu ya malori. Chumba chetu kilikuwa chini ya ngazi: meza yake upande wa dirisha, mashine yangu ya fotokopi upande wa mlango, na katikati njia nyembamba ambayo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Simu zote zilipitia kwake. Dereva aliyekwama, mteja anayetukana, karani asiyejua lori lake limepotelea wapi, wote walianza na Sikio, na wote walijibiwa maneno yale yale: "Nimepata, nashughulikia mara moja." Ujumbe ulioandikwa kutoka ofisi za juu ulijibiwa vivyo hivyo. Hakumwomba mtu arudie. Kurudiwarudiwa, alisema, ni mambo ya wenye macho, maana macho huyadekeza masikio.

Simsifu. Mdomo wake ulikuwa wembe. Aliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, na aliiga ili kuumiza. Mwakilishi wetu wa wafanyakazi ana kigugumizi. Sikio alimwigiza mbele ya wateja mpaka wakashika mbavu, na siku moja alimwigiza mbele ya mkwe wa mwakilishi mwenyewe, mzee wa watu aliyekuja kuona mume wa binti yake anafanya kazi wapi. Mimi aliniita Nakala, kwa kuwa, alisema, sijawahi kuwa na wazo ambalo halikutoka kwenye karatasi ya mtu mwingine. Na meneja mpya, ambaye alikuwa mchelewaji, kila alipopita mlangoni kwetu alisikia, "Karibu bosi! Leo viatu vimechelewa kuliko jana." Ofisi ilicheka. Meneja naye alicheka, kwa meno tu. Mtu anayecheka kwa meno tu, mwekee akiba ya hofu.

Sasa, kipofu alifikaje kwenye meza ile? Hapa ndipo wengi wamesahau, au wamejisahaulisha. Sikio alikuwa fundi wa foklifti. Betri ilimlipukia usoni kule chumba cha betri, maji makali yakamla macho, kwa sababu miwani ya kukinga ilikuwa ukutani tu, kwa rangi nyekundu: VAA MIWANI. Miwani yenyewe haikuwepo. Kampuni ilitaka kumrudisha nyumbani na pole. Tukaweka funguo chini. Malori yakalala uani, matandiko ya vumbi juu yake, mpaka wenye mizigo wakaja kuwalilia wakubwa wetu. Tulidai neno moja: abaki kazini, apewe mashine inayosema. Wakubwa wakakubali, wakaongeza sharti mbele yetu sote: atabaki maadamu anaweza kuifanya kazi. Tukashangilia, tukabebana. Hakuna aliyelitazama lile "maadamu" lilivyokaa, kama msumari ulioachwa juu ya kiti.

Mashine ikaja. Kompyuta ya mezani, kasha lake zito, rangi yake leo ni kama meno ya mvuta sigara. Ndani yake ilipachikwa kadi ya sauti, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na kazi yake ilikuwa moja: kila kilichoandikwa kwenye skrini, kadi ile ilimsomea Sikio kwenye hedifoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua asiyevuta pumzi. Sikio aliipenda. Aliiita bi mdogo. Mkewe nyumbani naye alikuwa akiuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" na Sikio anajibu, "Hajambo, na yeye hanigombezi." Ndiyo ndoa yao ilivyokuwa, ya utani na sufuria kugongana.

Miaka ikapita. Walioweka funguo chini, wengine walistaafu, wengine walikufa, wengine waliogopa. Meneja mpya akaja na programu yake ya kufuatilia malori kwenye ramani ya rangi. Akasema mashine ya opereta imezeeka, haina nguvu ya kuonyesha ramani, lazima iongezewe kadi ya picha.

"Bosi," Sikio akamwambia, "mimi na ramani wapi na wapi? Kuninunulia kadi ya picha ni kumnunulia kipara kitana."

"Mashine ni ya kampuni," meneja akajibu. "Kipara ndicho chako."

Watu wakacheka. Sikio alicheka pia. Alijua kuheshimu pigo zuri.

Fundi aliyeletwa alikuwa shemeji yake, ndugu wa pekee wa mkewe. Meneja hakuokota jina lile barabarani. Alikuwa ameuliza, akachagua. Kwenye familia ile kila mtu aliijua hadithi ya redio ya mama mkwe: kijana aliifungua aitengeneze, ikabaki kwenye beseni mpaka mama anaingia kaburini. Tangu hapo, kila wanapokutana, kuwe na mgonjwa au sherehe, Sikio alisema, "Huyu kufungua anajua. Muulizeni, amewahi kufunga nini?" Kijana alikuwa amekuwa mtu mzima, ana karakana yake, ana ndevu, na bado anaulizwa amewahi kufunga nini.

Alipanga bisibisi zake juu ya meza yangu bila kuniomba. Akatoa kava la kasha. Vumbi likatoka limekunjamana kama sufi ya godoro.

"Shemeji, humu unafuga nini?"

"Namfuga bi mdogo. Umguse taratibu, ana presha."

Kadi ya picha ilikuwa fupi, mpya, bado inanuka kiwanda. Fundi akaipachika kwenye tundu lake, akaunga skrini, akawasha. Mashine ikalia: mlio mmoja mrefu na mingine miwili mifupi. Skrini ikabaki nyeusi.

"Haijakaa," Sikio akasema. "Ikandamize."

"Shemeji, nani fundi hapa?"

"Wewe. Lakini anayelalamika ni mashine, mimi natafsiri tu."

Fundi akafyonza, akazima, akakandamiza kadi kwa kidole gumba mpaka ikalia tak. Akawasha. Picha ikajaa skrini, bluu, safi, inauma macho yetu sisi tulionayo. Lakini hedifoni za Sikio zikawa kimya. Kadi moja imeamka, nyingine imelala.

Nikashinda nikiwatazama wakihangaika. Fundi alihamisha kadi ya picha tundu la pili. Sauti ikarudi, picha ikapotea. Akairudisha la kwanza. Picha ikarudi, sauti ikapotea. Akasugua meno ya kadi ya sauti kwa kifutio cha penseli, akapuliza matundu, akachomoa na kuchomeka mpaka jasho likamdondokea ndani ya kasha nikamwonya. Akaeleza, huku amekasirika, kwamba kila kadi ina namba yake ya kuitia mashine inapotaka kusikilizwa. Kadi mbili zikishika namba moja, mashine husikiliza yenye nguvu, na nyonge inageuka bubu. Kwa hilo sikuhitaji kuchorewa. Nimekula mshahara pale ujana wangu wote.

"Pembeni ya kadi yangu," Sikio akasema, "kuna pini zimesimama mstari, na juu yake kimevikwa kipande cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele. Fundi wa kwanza alinishikisha kidole. Kile ndicho kinachochagua namba. Kisogeze pini moja upande wa nje."

"Najua jampa ni nini, shemeji."

"Mbona basi unanifulia kadi kwa kifutio?"

Fundi alijaribu mambo mengine yote kwanza, kwa ajili ya heshima yake. Mwishowe akaisogeza ile punje. Akawasha. Picha ikaja. Na uso wa Sikio ukafunguka. Akachomoa waya wa hedifoni ili na sisi tusikie, na ile sauti ya mafua ikatoka kwenye tumbo la kasha: "Habari. Hakuna ujumbe mpya."

Nilipiga kofi. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Sikio akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa shemeji yake, akaushika.

"Leo," akamwambia, "umefunga kitu."

Nawaomba mlishike neno hilo. Mtu yule alilingoja tangu ujana, na lilikaa mkononi mwake muda wa kunywa chai, kisha akaliuza.

Maana meneja alikohoa mlangoni, akamwita fundi nje. Mashine yangu iko kando ya mlango, na sikuwa nanakili kitu.

"Nani kakwambia nataka zote mbili?" meneja akasema. "Mimi niliagiza picha."

"Bosi, zote zinafanya kazi. Nimezipatanisha."

"Jengo hili lina mashine chumba hadi chumba. Natafuta fundi wa kudumu. Fundi wa kudumu ni yule anayeelewa bila kuambiwa mara mbili."

Nikasikia fundi anajikuna ndevu.

Akarudi. "Nakaza skrubu moja tu, shemeji," akasema, akazima, akainamia kasha. Kukawa na sauti ndogo, kama mtu anayepasua mbegu ya tikiti kwa meno. Mimi niliisikia; Sikio, kwa masikio yale, aliisikia mara mbili yangu. Akawasha. Picha, safi. Sauti, hakuna.

"Aa, shemeji. Kadi imekata roho. Uzee huo. Imesema neno lake la mwisho tukisikia wote."

Meneja tayari alikuwa ndani, mikono nyuma. "Pole sana," akasema. "Kwa hiyo mashine haisemi tena. Sasa, nadhani tunakumbuka makubaliano yalisemaje. Maadamu..."

Sikio alikuwa amevaa hedifoni. Akainamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea anaposikiliza. Akatabasamu.

"Haisemi? Mbona ananiambia hapa leo ni Jumanne?"

Meneja akamgeukia fundi.

"Haiwezekani," fundi akasema.

"Kwa nini haiwezekani, shemeji?" Sikio akauliza, taratibu kabisa. "Umefanya nini hata isiwezekane?"

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake. Meneja akanyoosha mkono achukue hedifoni asikilize mwenyewe, akaziona sponji zake, nyeusi kwa jasho na mafuta ya nywele ya miaka yote ile, akaurudisha mkono mfukoni. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akamwamuru fundi afunge kasha kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Walipotoka nikamwambia Sikio, "Umejiingiza wapi? Sema ukweli. Kaigusa, wote tumesikia."

"Nikisema haisemi, nimejifukuza mwenyewe. Nikisema kaigusa, watauliza shahidi. Shahidi wewe, Nakala? Nani anaamini nakala bila kuona ya asili?"

Hata kwenye shimo alikuwa anauma.

Nilikwenda kwa mwakilishi. Nikamkumbusha chumba cha betri, nikamkumbusha malori yaliyolala. Alikuwepo, yeye ndiye aliyekuwa ameketi juu ya rundo la funguo zetu asizitoe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"M-m-mwambie aende ak-ak-aigize sauti yangu kwa meneja," akasema. "L-labda atasikilizwa."

Nikapita karakana, nikapita uhasibu, nikapita kwa madereva. Kila mmoja alikuwa na jeraha lake dogo la mdomo wa Sikio, amelitunza kama hirizi. Huyu aliitwa Gunia, yule aliambiwa sauti yake ni ya mbuzi anayedai haki. Ndivyo wakubwa wanavyotupata, jamani. Hawahitaji kutugawa, wanangoja tu tukumbuke matusi yetu sisi kwa sisi, maana matusi yao hatuyakumbuki hata moja.

Basi tukabaki wawili, na tukatengeneza njia. Orodha ya malori ya siku huletwa kwangu asubuhi kunakiliwa. Nikawa naisoma kwa sauti, nikijifanya mzee anayenung'unika: "Hee, na huyu leo kapelekwa bandarini, na huyu gari bovu, maskini." Sikio anaimeza yote mara moja. Ujumbe ukiingia kwenye skrini mchana, nautazama kutoka kwenye mashine yangu, nagonga trei ya karatasi na kulalamika kwa maneno ya ujumbe ule ule. Yeye anajibu simu: "Nimepata, nashughulikia mara moja." Hakukosea. Akikaa pale na hedifoni zilizokufa, anainamisha kichwa, anatikisa, wakati mwingine anacheka peke yake kama aliyeambiwa jambo. Nilimwonea huruma, na ilinichukiza kumwonea huruma, maana yeye asingenionea.

"Nyumbani wanajua?" nikamuuliza.

"Nyumbani bi mdogo hajambo," akasema.

Meneja alijua. Fundi alikwisha kumwambia, na siku hizi fundi alikuwa anapanda na kushuka ngazi za jengo na kitambulisho kifuani. Lakini kujua peke yake hakukumtosha meneja. Alitaka ofisi nzima ione, tena icheke, ili asibaki mtu wa kuweka funguo chini.

Siku moja aliniagiza karatasi stoo. Mlinzi wa stoo alikuwa hana ufunguo, mwenye ufunguo alikuwa hayupo, aliyejua aliko hataki kusema. Nikaelewa nimechezewa nikiwa bado natafuta. Nikabeba bunda nililolipata, nikarudi mbio. Mlangoni kwetu nikakuta migongo. Wahasibu, madereva, mwakilishi wetu, wamejazana mle ndani na kwenye korido, kimya kama watu wanaochungulia chumba cha maharusi. Na katikati ya ile njia nyembamba alisimama meneja, amevaa soksi tu. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya sanduku langu la karatasi. Alijua Sikio anamjua kwa viatu.

Nikatazama skrini juu ya mabega ya watu. Hapo ndipo nilipoona kazi ya ile kadi ya picha. Herufi kubwa, nyekundu, zinawaka juu ya njano, zimejaza kioo toka ukingo hadi ukingo:

MKEO AMEGONGWA NA GARI. AMEKUFA. RUDI NYUMBANI.

Chini yake, mnyonge kabisa, Sikio amekaa na hedifoni zake, kichwa amekiinamisha, anatabasamu.

"Mko wengi leo," akasema. "Kuna keki?"

Mtu akacheka kwa pua. Nilivuta pumzi nipige kelele, na katibu wa meneja, dada wa watu aliyesukumwa mbele, akaniwahi.

"Sikio, meneja anauliza, ujumbe wake umefika?"

"Umefika zamani."

"Umeusoma?"

"Wote." Na kwa sababu alihisi anapimwa, na kwa sababu alikuwa Sikio, akaongeza chumvi. "Mwambie asante sana. Nimeupokea kwa mikono miwili. Nashughulikia mara moja."

Sikusikia kicheko kikubwa. Afadhali kingekuwa kikubwa. Kilikuwa kicheko cha watu wanaojizuia, kinachovuja kwenye vidole. Mwakilishi wetu alikuwa anatazama sakafu na mabega yake yanaruka.

Wakati huo huo fundi akashuka ngazi na bisibisi mkononi, akasikia minong'ono, akajipenyeza aone kuna nini. Hakuna aliyemwambia mpango ule. Meneja hamwambii mbwa siku ya kuwinda. Akaisoma skrini aliyoipachikia kadi kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada!" akalia. "Dada yangu! Mama yangu wee!"

Bisibisi ikaanguka. Akageuka, akawapangua watu, akakimbia. Tukamsikia uani analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tabasamu la Sikio lilichelewa kuondoka. Lilibaki pale usoni, halina mwenyewe.

"Dada gani?" akauliza. "Huyo ana dada mmoja tu." Akasimama, waya wa hedifoni ukamvuta kichwa nyuma, akazing'oa. "Nakala! Upo? Nisomee. Kumeandikwa nini?"

"Jaribio tu, jamani, jaribio," meneja akasema kwa furaha, sasa kwa sauti yake. Akakaa juu ya sanduku langu, akaanza kuvaa viatu. "Mkeo mzima, mzee, usife kabla yake. Lakini nadhani sote tumeona. Tumeona? Mtu anaambiwa mkewe kafa, anashukuru. Huyo ndiye tumwachie simu za kampuni?"

Hakuna aliyesema kitu. Na kutosema kitu, mbele ya meneja, kuna jina lake, lakini mwakilishi wetu analijua zaidi yangu.

Sikio aliugeuza uso kwa meneja, sawasawa, kama anayeona. "Bosi," akasema, "leo umekuja bila viatu. Ndiyo maana hukuchelewa."

Lilikuwa dongo lake la mwisho pale. Halikumchekesha mtu.

Alidai kadi yake. Alisema ni mali ya walioweka funguo chini. Meneja akafungua kufuli bila ubishi, akaichomoa kadi kwa kuivuta upande mmoja kama anayeng'oa mhogo, akampa. "Chukua. Mashine yenyewe inakwenda kutupwa." Na kweli, kasha lile, na kadi ya picha ndani yake, lilitupwa stoo siku ile ile; opereta mpya aliletewa mashine mpya iliyokuwa imefungwa tayari kwenye boksi ghorofa ya juu. Ilikuwa pale tangu kabla fundi hajaitwa.

Nilimshika mkono mpaka kwao. Tulipovuka barabara kubwa akauliza.

"Ziliandikwaje?"

Nikamwambia maneno.

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Kwenye njano."

Akatembea kidogo. "Basi ni kadi nzuri," akasema.

Mkewe alikuwa uani, mikono ina povu mpaka viwiko, beseni la nguo mbele yake. Fundi alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, macho mekundu, amepewa kikombe cha maji hakunywa. Alikuwa amekwisha kumsimulia habari ya skrini. Hakumsimulia ya punje ya mchele.

"Karibuni msibani," yule mama akasema. "Maiti anafua." Kisha akamtazama mumewe, akaiona kadi imebebwa kifuani. "Huyu kaniambia nilivyokufa. Kasema nimeandikwa vizuri. Wewe bi mdogo alipokusomea kwamba nimekufa, ulisema nini?"

Sikio akaipapasa kadi.

"Nakuuliza. Mimi nimekufa, wewe umesema nini?"

"Nilisema asante sana," Sikio akajibu. "Nimeupokea kwa mikono miwili. Nashughulikia mara moja."

Povu lilikuwa linampasukia mikononi, nalisikia. Mama hakuwa mjinga. Aliitazama kadi, akamtazama tena mumewe.

"Haisomi," akasema.

"Haisomi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoigusa ndugu yako. Iliamka mikononi mwake, tukashikana mikono. Halafu akaizima. Nilisikia kidole chake."

Fundi akaanza kulia upya. "Dada, nilitaka kazi. Dada, wewe unajua alivyokuwa ananisema. Hata leo nimekimbia mimi, dada! Yeye kashukuru, mimi nimekimbia!"

"Ulilia?" mama akamuuliza.

"Nimelia njia nzima, dada. Watu mashahidi."

"Ulilia vizuri?"

"Vizuri, dada."

Akakung'uta mikono, akajifutia kwenye kanga. Akaenda, akamnyang'anya kikombe cha maji, akayamwaga chini mbele ya miguu yake.

"Basi imetosha," akasema. "Ulichokisoma ni kweli. Huna dada. Nenda ukamwambie meneja wako, ujumbe umefika."

Fundi alitutazama mmoja mmoja, kisha akaokota mfuko wake. Alipotoka hakurudishia lango. Sikio, kadi kifuani, alisikiliza lango lile likibembea, na nikamwona midomo inamchezacheza. Lile neno la kufungua na kufunga lilikuwa limefika kwenye ulimi. Mkewe naye aliliona.

"Ukilisema hilo," akamwambia, "wewe utamfuata."

Nikaenda kulifunga mimi.